UZI: Kabla ya kumhukumu jemadari, tusome ramani aliyokuwa nayo mkononi

Wakuu, habari zenu.

Mjadala wa vita vya zamani ukianza humu, haupiti muda mrefu kabla mtu hajaweka ramani yenye mishale ya rangi mbili, na hukumu ikatolewa palepale: jemadari huyu alikuwa mzembe, yule alikuwa na akili nyingi, wa tatu alichelewa bila sababu. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu naamini hukumu nyingi za aina hiyo zimesimama juu ya ramani isiyofaa kwa kazi hiyo. Ramani ya mishale imechorwa na mtu aliyekwisha kujua mwisho wa pambano, mwenye vipimo ambavyo siku ya vita havikuwapo, na ambaye hakuna aliyekuwa akimpiga risasi. Jemadari tunayemjadili alikuwa na karatasi nyingine kabisa mkononi, na mara nyingine hakuwa na karatasi yoyote.

Hoja yangu ni kwamba ramani ya baadaye hutueleza vizuri nini kilitokea, lakini tukifika kwenye swali la kwa nini kilitokea, hatuna budi kutafuta ramani iliyokuwapo siku ile, kuisoma kama alivyoweza kuisoma mtu aliyeitegemea, kisha kuilinganisha na ardhi yenyewe. Nitaeleza kwa mifano, na baadhi ya mifano nitakaa nayo kwa muda kwa kuwa ina mengi ndani yake.

Bonde la Shenandoah, 1862

Tuanze na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Tarehe 26 Machi 1862 Jenerali Thomas Jackson wa jeshi la Kusini, anayejulikana zaidi kwa jina la Stonewall, alimwita Jedediah Hotchkiss, mtu aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya vita, akamwagiza amchoree ramani ya Bonde la Shenandoah katika jimbo la Virginia, kuanzia Harpers Ferry hadi Lexington, yenye kuonyesha kila mahali panapofaa kushambulia na kila mahali panapofaa kujilinda. Umbali huo ni zaidi ya kilomita 200. Hotchkiss alizunguka na farasi, akichora kipande kwa kipande kwenye daftari kabla ya kuviunganisha, na ramani kubwa iliyotokana na kazi hiyo leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako yeyote mwenye intaneti anaweza kuikuza na kuikagua barabara kwa barabara.

Ikuzeni sehemu ya katikati. Mtaona mlima mrefu na mwembamba unaoitwa Massanutten, umelala ndani ya bonde kwa takribani kilomita 80 na kuligawa mara mbili. Upande wa magharibi ipo barabara kuu iendayo Winchester, na upande wa mashariki lipo bonde dogo la Luray. Kwa urefu wote huo wa mlima, barabara ya maana ya kuuvuka katikati ni moja tu, ile ya kutoka New Market kwenda Luray. Mwezi Mei mwaka huo Jenerali Nathaniel Banks wa jeshi la Kaskazini alikuwa amejiimarisha Strasburg, kwenye ncha ya kaskazini ya mlima, akiitazama barabara kuu. Jackson alifuata barabara hiyo hadi New Market kana kwamba anakwenda kumkabili uso kwa uso, kisha akageuka ghafla mashariki, akavuka mlima na kuendelea na safari akiwa amefichwa na Massanutten. Tarehe 23 Mei aliiangukia Front Royal, mji mdogo ulio ubavuni mwa Banks, ambako palikuwa na walinzi wapatao 1,000 tu. Banks akalazimika kuiacha Strasburg na kukimbilia Winchester, na huko nako akashindwa tarehe 25 Mei.

Sasa fungueni ramani ya kisasa ya eneo hilohilo. Mtakuta barabara kuu za lami, njia za misitu, miji iliyopanuka na kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa, zilizochorwa kwa usahihi mkubwa. Kila kitu kipo, na kwa sababu kila kitu kipo, kile kipito kimoja cha New Market hakionekani kuwa na uzito wowote. Ramani ya Hotchkiss imeacha mengi, lakini alichokichora ndicho ambacho jeshi la miguu na mikokoteni lilikihitaji: barabara, vivuko vya mito, vinu vya kusagia nafaka, majina ya wenye nyumba. Msomaji wa leo huvipita vile vinu bila kuvitazama, ilhali palipo na kinu pana maji, pana barabara ya mikokoteni inayofika hapo, mara nyingi pana kivuko, na pana unga. Ofisa aliyekuwa akitafuta mahali pa kulaza askari elfu kadhaa alisoma alama hiyo ndogo kwa makini kuliko jina la mji.

Kuna sehemu ya pili ya kisa hiki ambayo huwa haisimuliwi pamoja na ya kwanza. Mwishoni mwa Juni 1862 Jackson alihamishiwa mashariki, karibu na Richmond, katika yale Mapigano ya Siku Saba, na Hotchkiss alibaki bondeni. Ramani za viunga vya Richmond walizokuwa nazo majenerali wa Kusini zilikuwa duni, ingawa ule ulikuwa mji wao mkuu. Tarehe 27 Juni, akielekea Cold Harbor, Jackson aliongozwa kwenye barabara isiyo sahihi, na safu nzima ikabidi igeuke na kurudi ilikotoka wakati wenzake wakimsubiri vitani. Wanahistoria wanataja pia uchovu wake mkubwa wa siku zile, nami sioni sababu ya kuwapinga. Hata hivyo, mtu anayemlinganisha Jackson wa Mei na Jackson wa Juni bila kuuliza kila mmoja alikuwa na ramani gani ameacha nje jambo lililo wazi kabisa.

Waterloo ndani ya sentimita sita

Nchi tunayoiita leo Ubelgiji ilipimwa kati ya 1771 na 1778 chini ya usimamizi wa Joseph de Ferraris, wakati ikiwa chini ya utawala wa Austria. Kazi ile ilizaa ramani za aina mbili. Ya kwanza ilichorwa kwa mkono kwenye skeli ya 1:11,520, karatasi 275, nakala tatu tu, na haikuwa ya kuuzwa kwa umma. Ya pili ilichapwa kwa ajili ya kuuzwa, karatasi 25, kwenye skeli ya 1:86,400, skeli ileile iliyotumiwa na ukoo wa Cassini kuipima Ufaransa. Hii ya pili, pamoja na matoleo yaliyonakiliwa kutoka kwake, ndiyo waliyoitegemea makamanda wa pambano la Waterloo mwezi Juni 1815, Napoleon wa Ufaransa akikabiliana na Wellington wa Uingereza na washirika wake.

Chukueni rula. Kwenye skeli hiyo sentimita moja ni mita 864. Uwanja wa pambano la tarehe 18 Juni, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, haukuzidi sana kilomita 5, kwa hiyo Waterloo nzima inaenea ndani ya sentimita sita za karatasi. Hougoumont, ile nyumba ya shamba iliyopiganiwa mchana kutwa, ni alama inayofunikwa na ncha ya kidole. Zaidi ya hapo, ramani ile haina kontua. Miinuko imeonyeshwa kwa kivuli na mistari mifupi, na ingawa Johann Georg Lehmann wa Saxony alikwisha kutoa mwaka 1799 utaratibu wa kuufanya unene wa mistari hiyo ulingane na ukali wa mteremko, ramani za Ferraris ni za kabla yake. Zilimwambia msomaji kwamba hapa pana mwinuko. Hazikumwambia mwinuko huo una kimo gani wala nyuma yake kuna nini.

Na nyuma yake ndiko Wellington alikoweka sehemu kubwa ya askari wake, kwenye mteremko wa upande wa pili, mbali na macho ya wapiga mizinga wa Napoleon. Ni rahisi kwetu, tukiwa na picha za setilaiti na vipimo vya kila mita, kuuliza kwa nini Wafaransa hawakulitambua hilo mapema. Karatasi yao haikuwa na uwezo wa kuwaonyesha. Wellington kwa upande wake alikuwa na kitu bora zaidi: maofisa wa wahandisi wa jeshi la Uingereza walikuwa wamechora eneo lile kwa skeli kubwa, na ramani hiyo, yenye alama za penseli zinazohusishwa na Wellington mwenyewe, ilikuwa kwa Kanali William De Lancey, ofisa aliyesimamia upangaji wa vikosi. De Lancey alipigwa na tufe la mzinga wakati wa pambano na kufariki siku chache baadaye. Ramani ilisalimika, na imehifadhiwa katika makumbusho ya wahandisi hao huko Gillingham, Uingereza. Tofauti kati ya pande mbili za Waterloo inaweza kuanza kujadiliwa kwa kuziweka karatasi hizo mbili mezani, moja kando ya nyingine.

Wapo watakaosema kwamba basi dawa ni kwenda Waterloo kuitazama ardhi. Nendeni, lakini mfike mkijua kwamba ardhi hiyo imebadilishwa. Lile tuta kubwa lenye sanamu ya simba lilijengwa katika miaka ya 1820, na udongo wake ulichotwa kutoka kwenye mgongo uleule wa ardhi uliowakinga askari wa Wellington. Msitu uliokuwa kusini mwa Hougoumont nao haupo tena. Ndiyo maana ramani ya Craan, mpima ardhi aliyeupima uwanja huo na kuitoa kazi yake mwaka 1816, ina thamani ya pekee: ilipima ardhi kabla haijaguswa.

Kuna jambo jingine la Waterloo linalohitaji ramani, nalo ni muda. Watu hupima umbali kutoka mji wa Wavre hadi uwanja wa vita, wanakuta ni takribani kilomita 15, wanagawa kwa mwendo wa mtu mzima, wanapata saa nne, kisha wanashangaa kwa nini maaskari wa Prussia, washirika wa Wellington, chini ya Jenerali Bülow, walioondoka alfajiri, waliingia vitani kiasi cha saa kumi na nusu jioni. Fuateni njia yenyewe kwenye ramani ya zamani. Ilibidi wapite katika mitaa myembamba ya Wavre, ambako moto ulizuka na kuwachelewesha. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku uliotangulia. Kisha likaja bonde la kijito cha Lasne, lenye kingo kali na njia zilizochimbika kwa miaka mingi ya kupitwa na mikokoteni, ambamo mizinga ilibidi ikokotwe kwa nguvu za watu na farasi katika matope. Kipimo cha kweli cha safari ya jeshi ni saa, na saa hazipatikani kwa rula peke yake.

Kilichoonekana na kisichoonekana

Nitaligusa hili kwa kifupi. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava katika Vita vya Crimea, Lord Raglan, kamanda wa jeshi la Uingereza, alitoa amri iliyosababisha kikosi chepesi cha wapanda farasi kishambulie mizinga ya Warusi iliyokuwa mbele yao na pande zote mbili. Raglan alikuwa juu ya miinuko ya Sapouné, na kutoka hapo aliyaona mabonde yote mawili na kile kilima cha kati ambako Warusi walikuwa wakiondoa mizinga waliyoiteka. Lord Lucan na Lord Cardigan, makamanda wa wapanda farasi waliopokea amri hiyo, walikuwa chini bondeni, na mizinga waliyoweza kuiona ilikuwa ile iliyo mwisho wa bonde. Ramani ya bapa inawaweka watu hao watatu katika uwanja mmoja, lakini ramani yenye kontua inaonyesha kwamba walikuwa wakitazama vita viwili tofauti. Ukiweza kuchora sura ya ardhi kwa ubavu, kutoka aliposimama mtoa amri hadi aliposimama mpokeaji, utaielewa amri ile kuliko kwa kusoma kurasa nyingi za lawama zilizofuata.

Karatasi za mahandaki, 1914 hadi 1918

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa zaidi kwa mtu anayetaka kujifunza, kwa sababu ramani za Waingereza za mstari wa Magharibi katika Vita Kuu ya Kwanza zilichapwa kwa wingi, zikasahihishwa mara kwa mara, na nyingi zimesalia. Skeli za kawaida zilikuwa 1:10,000, 1:20,000 na 1:40,000.

Lazima kwanza tujue namna ya kusoma anwani yake. Tuseme kumbukumbu ya kikosi inataja mahali kwa maandishi haya: 28.J.14.a.5.8. Namba 28 ni karatasi ya eneo la Ypres, nchini Ubelgiji. Karatasi hiyo imegawanywa katika miraba mikubwa 24 iliyopewa herufi kutoka A hadi X, na J ni mmojawapo. Ndani ya J ipo miraba midogo yenye namba, kila mmoja ukiwa na upande wa yadi 1,000, yaani kama mita 914. Wetu ni wa 14. Mraba huo unagawanywa tena mara nne, a na b juu, c na d chini. Kisha ndani ya robo hiyo, ukianzia kona ya kusini magharibi, unahesabu sehemu tano kati ya kumi kwenda mashariki na nane kati ya kumi kwenda kaskazini. Umefika mahali penye usahihi wa yadi 50. Mtu akizoea utaratibu huu, shajara za vikosi, ambazo kwa mgeni ni rundo la herufi na tarakimu, zinageuka kuwa mwendo unaoweza kufuatwa saa kwa saa.

Baada ya hapo, macho yaende pembezoni kabla ya kwenda katikati. Karatasi hizi zina maandishi yanayosema mahandaki yamesahihishwa hadi tarehe fulani, na tarehe hiyo ina uzito kuliko mwaka wa kuchapwa. Masahihisho yalitokana kwa kiasi kikubwa na picha za angani, na picha zilitegemea hali ya hewa. Ikiwa shambulio lilifanyika wiki mbili baada ya tarehe iliyoandikwa, basi waliokwenda mbele walikuwa na sura ya mahandaki ya adui ya wiki mbili nyuma, na handaki jipya lililochimbwa katika muda huo halikuwamo. Nawaomba wadau mnaoweka picha za karatasi hizi humu msikate pembezo zake ili picha ionekane nzuri. Pembezo ndiyo ushahidi.

Tahadhari mbili zaidi. Kwenye matoleo mengi, mahandaki ya Waingereza wenyewe hayakuchorwa kikamilifu, kwa hofu kwamba karatasi ingeweza kutekwa. Kwa hiyo nafasi tupu upande wao haina maana kwamba hapakuwa na kitu. Pia rangi zilibadilishwa. Kwa muda mrefu wa vita, mahandaki ya Wajerumani yalichorwa kwa rangi nyekundu na ya Waingereza kwa buluu, lakini mwaka 1918 Waingereza walifuata desturi ya Wafaransa na rangi zikapishana. Nimewahi kusoma humu maelezo marefu na yenye bidii ya pambano la 1918 ambayo yamegeuza pande zote mbili kwa sababu hiyo peke yake, na inasikitisha kuona juhudi kubwa namna ile ikipotea kwa kutoangalia ufunguo wa ramani.

Kuhusu Passchendaele, vita vya karibu na Ypres vilivyodumu kutoka tarehe 31 Julai hadi 10 Novemba 1917, karatasi namba 28 inafundisha jambo ambalo picha za matope haziwezi kulifundisha. Mwinuko uliopiganiwa uko takribani mita 50 tu kutoka usawa wa bahari. Anayetarajia milima atadhani amekosea karatasi. Lakini tazameni mistari myembamba ya buluu, vile vijito kama Steenbeek, na mifereji iliyokuwa ikiondoa maji mashambani. Eneo lile lilikaa kavu kwa sababu ya mifereji hiyo. Mizinga ilipoivunja na mvua ikanyesha, maji hayakuwa na pa kwenda, na kijito kilichochorwa kama uzi kikawa kinamasi kisichovukika. Ramani iliyosahihishwa kwa uangalifu mkubwa upande wa mahandaki ilikuwa bado inaonyesha ardhi ya kabla ya vita.

Mtu anayetaka kuona hali iliyo kinyume na utajiri huu aitazame rasi ya Gallipoli, nchini Uturuki, ya 1915. Waingereza na washirika wao waliotua tarehe 25 Aprili walitegemea ramani iliyotokana na upimaji wa Wafaransa wa 1854, wakati wa Vita vya Crimea. Makorongo ya eneo lile ni mengi, yanapindapinda na yanafanana, na ramani ile haikuyatenganisha vya kutosha. Baadaye Waingereza walinakili ramani za Waosmani walizoziteka, kwa sababu adui aliijua ardhi yake vizuri zaidi.

Ramani za baadaye nazo zina ajenda yake

Sisemi kwamba ramani zilizochorwa baada ya vita hazina thamani. Mhandisi wa Kifaransa Charles Joseph Minard alitoa mwaka 1869 mchoro wa kampeni ya Napoleon nchini Urusi ya 1812, ambamo upana wa mkanda unaonyesha idadi ya askari, milimita moja kwa kila watu 10,000. Mkanda unaanza na watu 422,000 kwenye mto Niemen, unafika Moscow ukiwa na 100,000, na wanaorudi Niemen ni 10,000. Chini yake kuna mstari wa baridi ya wakati wa kurudi.

Wengi huutazama mchoro huo na kuondoka na jibu moja, kwamba baridi ndiyo iliyolimaliza jeshi. Usomeni tena taratibu. Mkanda unapungua kutoka 400,000 hadi 175,000 kabla ya kupita Vitebsk, katika miezi ya kiangazi. Wapo waliotengwa kulinda pande za nyuma, na mchoro wenyewe unaonyesha matawi hayo, lakini hata ukiwatoa hao, njaa, maradhi na utoro vilikuwa vimekwisha kufanya kazi kubwa kabla theluji haijaanguka. Mstari wa baridi umewekwa kwa safari ya kurudi tu, na jicho la msomaji linavutwa huko. Vilevile Minard mwenyewe alieleza kwamba alivihesabu vikosi vya Jérôme na Davout, makamanda wawili wa Napoleon, kana kwamba daima vilikuwa pamoja na jeshi kuu, ilhali vilikuwa vimetumwa upande wa Minsk na kurejea baadaye. Alikuwa muungwana wa kulisema hilo waziwazi kwenye karatasi. Wanaonakili mchoro wake ndio hulifuta. Na nyuzi za baridi ni za kipimo cha Réaumur: nyuzi 30 chini ya sifuri kwenye mchoro ni sawa na 37.5 chini ya sifuri kwa Selsiasi.

Ikiwa mtu mwaminifu kama Minard anahitaji kusomwa kwa tahadhari hivyo, basi ramani zilizochorwa na maofisa walioshiriki vita na kutaka kujitetea zinahitaji zaidi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ukiona ramani ambamo kikosi cha mchoraji kimepangwa kwa mistari iliyonyooka na vikosi vya jirani vimeachwa bila saa ya kuwasili, jiulize nani aliagiza ichorwe.

Majibu kwa walioniandikia

Mdau mmoja ameniuliza tufanyeje kwa vita ambavyo havina ramani ya wakati wake. Hapo tunatumia upimaji wa kwanza makini uliofanyika kabla ya reli, mabwawa na miji mikubwa kuibadilisha nchi, na tunaongeza ushahidi wa wanajiolojia. Thermopylae ya mwaka 480 kabla ya Kristo ni mfano mzuri. Njia iliyolindwa na Leonidas, mfalme wa Sparta, na wenzake dhidi ya Waajemi ilikuwa nyembamba kati ya mlima na bahari. Leo mbele ya mlima huo kuna uwanda mpana, kwa sababu mto Spercheios umekuwa ukileta mchanga na tope kwa karne nyingi na kuisukuma pwani kilomita kadhaa. Anayetumia ramani ya leo atashindwa kabisa kuelewa kwa nini watu wachache waliweza kulizuia jeshi kubwa pale.

Mwingine amesema kwamba hoja yangu inawapa majemadari udhuru wa bure. Nashukuru kwa swali hilo, kwa kuwa ramani huhukumu pia. Tuitazame Tanga, Novemba 1914. Meja Jenerali Arthur Aitken alifika na askari wapatao 8,000 waliotoka India, na akashindwa na kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck chenye watu wapatao 1,000. Ramani yoyote ya wakati ule ya koloni hilo la Wajerumani ilionyesha reli ya kutoka Tanga hadi Moshi, kilomita zipatazo 350, iliyokamilika miaka michache kabla ya vita. Reli hiyo ilikuwa na maana moja kwa mtu anayeshambulia bandari: kila siku anayoichelewesha ni siku ambayo adui anashusha watu kwenye stesheni. Waingereza walifika tarehe 2 Novemba, na shambulio kuu likafanyika tarehe 4, muda uliomtosha Lettow-Vorbeck kuleta makampuni yake kutoka kaskazini kwa treni na yeye mwenyewe kuingia mjini usiku wa kuamkia pambano. Ramani pia isingeweza kumwambia Aitken jinsi mikoko na mashamba yaliyoshonana kati ya Ras Kasone na mji yangevitawanya vikosi vyake; hilo lilihitaji upelelezi, na upelelezi wa kutosha haukufanyika. Kwa hiyo hapa karatasi inamtia hatiani: kilichokuwapo juu yake hakikusomwa, na kilichokosekana hakikutafutwa.

Wa tatu ameomba maelezo ya kuilinganisha ramani ya zamani na ya leo kwa kompyuta. Programu ya QGIS ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri. Unachagua vitu vinavyoonekana kwenye ramani zote mbili, unaviunganisha, na programu inaivuta ramani ya zamani ikae juu ya mpya. Chagueni makanisa ya mawe, madaraja ya zamani na njia panda. Epukeni kingo za mito na mipaka ya misitu kwa sababu huhama. Msiilazimishe ramani ikae sawasawa kila mahali. Pale inapokataa, kosa hilo lenyewe ni habari, maana kamanda aliyeitegemea alikuwa na kosa hilohilo.

Angalieni pia longitudo. Ramani nyingi za zamani hazihesabu kutoka Greenwich. Za Kifaransa huhesabu kutoka Paris, iliyo nyuzi 2 na dakika 20 mashariki mwa Greenwich, na nyingine huhesabu kutoka kisiwa cha Ferro, kilichowekwa nyuzi 20 magharibi mwa Paris. Ramani za Kirusi hutumia versta, ambayo ni mita 1,067 hivi, na kumbukumbu za Kirusi za wakati huo hufuata kalenda ya Juliasi: pambano la Borodino la tarehe 7 Septemba 1812 kwao ni tarehe 26 Agosti. Mtu akichanganya kalenda mbili kwenye ramani moja, atakuta jeshi limefika mahali kabla ya kuondoka lilikotoka.

Kwa watakaotaka kuanza leo: Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka karatasi za mahandaki za Waingereza zikiwa tayari zimelinganishwa na picha za setilaiti, Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji inayo ramani ya Ferraris iliyochorwa kwa mkono, na mkusanyo wa Hotchkiss uko, kama nilivyosema, Maktaba ya Bunge la Marekani. Anayeweka ramani humu aweke na pembezo zake, skeli yake na tarehe yake, na mjadala wa jemadari uanzie hapo.